Neno "Shall" na Deni Lililomo Ndani Yake

Leo tumekusudia kuwaeleza habari za neno moja dogo la Kiingereza, nalo ni neno "shall". Huenda mtu akauliza, "Neno moja lina habari gani hata lituchukulie muda wetu wa jioni?" Twamjibu kwamba maneno yana ukoo na safari kama watu walivyo navyo. Neno hili limepita katika madeni ya watu wa kale, na katika amri za dini, na vitabu vya walimu, na hotuba za vita. Na katika siku zetu limeingia katika mahakama za Afrika ya Mashariki, ambako mabingwa wa sheria wamebishana juu yake, kwa kuwa viti vya Bunge vililitegemea.

Tena iko sababu nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba "shall" ni alama ya wakati ujao tu, sawasawa na -ta- katika Kiswahili. Mafundisho hayo si uongo, ila ni pungufu. Na mtu aliyeshika nusu ya maana ya neno hili aweza kutia sahihi karatasi ya mkopo au ya kupangisha shamba, akidhani anasoma habari ya mambo yatakayotokea, kumbe amejifunga kwa kamba. Basi na tuanze mwanzo.

Wazee wa Waingereza, yaani wale walioitwa Angli na Saksoni, walianza kuhamia kisiwa cha Britania katika karne ya 5. Lugha yao ilikuwa na kitenzi kilichoandikwa "sceal", nacho ndicho kilichogeuka kuwa "shall". Kwanza neno hili halikuhusu wakati ujao hata kidogo. Maana yake ilikuwa kuwiwa, yaani kuwa na deni. Msomaji anayeijua Injili ya Luka atakumbuka, katika mlango wa 16, habari ya msimamizi aliyewaita wadeni wa bwana wake, akamwuliza kila mmoja kiasi cha deni lake. Katika Injili zilizofasiriwa kwa Kiingereza cha kale, yapata mwaka 1000, swali lile liliandikwa kwa neno hili hili. Na Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, wana neno "Schuld" la ukoo huo huo. Nalo hata leo maana yake ni deni, na pia hatia.

Sasa, mwenye deni haulizwi kama anapenda kulipa. Imempasa kulipa. Kwa hiyo neno lililosema "nawiwa fedha" likaanza kusema "nawiwa kufanya kazi", yaani kazi hii imenilazimu. Sisi Waswahili hatuna haja ya kushangaa, maana lugha yetu imepita njia iyo hiyo. Nasi twasema mtu anawiwa shilingi kumi, tena twasema anawiwa kuwatunza wazazi wake. Na mithali yetu yasema kwamba ahadi ni deni. Mtu aliyeishika mithali hiyo ameshika nusu ya habari za "shall" kabla ya kufungua kitabu cha Kiingereza.

Neno "shall" lina mwenzake, nalo ni "will". Asili ya "will" ni mbali na deni. Asili yake ni kutaka. Maana hiyo ingali hai, kwa kuwa Waingereza huuita wosia wa marehemu kwa neno hilo hilo, yaani ni matakwa yake aliyoyaacha. Hivyo lugha ile ilikuwa na vitenzi viwili, kimoja cha kuwiwa na kimoja cha kutaka. Tena Kiingereza cha kale hakikuwa na umbo la kitenzi la wakati ujao. Mtu akitaka kunena habari za kesho, alitumia umbo lile lile la leo, na msikilizaji akafahamu kwa maneno mengine. Lakini polepole watu waliona kwamba mtu awiwaye jambo, na mtu atakaye jambo, wote wawili huelekea kulifanya. Ndipo vitenzi hivi viwili vikaajiriwa kazi mpya, kazi ya kuonyesha wakati ujao, bila kuiacha kabisa kazi yao ya zamani.

Hapa twapenda kuwaonyesha jambo katika Kiswahili ambalo wengi hulitumia kila siku bila kuliona. Wataalamu wa lugha husema kwamba alama yetu ya -ta- ni kipande cha kitenzi "kutaka". Ushahidi wake upo wazi. Twasema "atakuja", lakini tukitia kirejeshi twasema "atakayekuja". Na hapo neno "taka" hujitokeza zima, kama mzizi uliofunuliwa na mvua. Basi Kiswahili kilipotafuta njia ya kwenda kesho kilipita katika kutaka, njia ya "will". Kiingereza kilipita njia zote mbili, ya kutaka na ya kuwiwa. Hii ndiyo sababu "shall" huwatatiza wanafunzi wetu: katika -ta- yetu mna matakwa, wala hamna deni.

Karibu na mwaka 1380 na baadaye, John Wycliffe na wenzake waliifasiri Biblia kwa Kiingereza kutoka katika Kilatini. Kilatini kina umbo lake la wakati ujao, nao walipolikuta waliliandika kwa "shall" karibu kila mahali. Sasa Amri Kumi katika Kilatini zimeandikwa kwa umbo hilo la wakati ujao, kwa kuifuata Kiebrania, ambamo umbo moja hutumika kwa kukataza na kwa kutabiri. Kwa hiyo amri za kukataza kuua na kuiba ziliingia katika Kiingereza zikiwa na "shalt", umbo la kale la "shall" kwa mtu anayeambiwa "wewe". Ndivyo zilivyo hata katika Biblia ya mwaka 1611, iliyotolewa zamani za mfalme James wa Kwanza. Vizazi kwa vizazi vya watoto wa Kiingereza vilisikia "shall" katika unabii wa mambo yajayo, na vikaisikia tena katika amri. Wafasiri wa Kiswahili hawakuandika "hutaua", bali "usiue". Walifanya vema, kwa kuwa "hutaua" kwetu ni maneno ya mtazamia nyota, lakini "usiue" ni maneno ya mwenye kuamrisha.

Baadaye walikuja walimu wa sarufi. Mwaka 1653 John Wallis, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Oxford, alitoa sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini, kusudi wageni waweze kujifunza. Yeye aliweka kanuni hii: Mtu akisema habari zake mwenyewe, "I shall" ni kutabiri tu, na "I will" ni kuahidi au kutisha. Lakini akisema habari za mwingine mambo hugeuka, "you will" na "he will" ni kutabiri, na "you shall" na "he shall" ni kuahidi au kutisha. Robert Lowth aliifundisha kanuni ya namna hiyo katika sarufi yake ya mwaka 1762, na Lindley Murray katika yake ya mwaka 1795, iliyoenea mno mashuleni.

Kanuni hii haikukosa akili. Nikisema kwamba mimi nataka, nimefunua nia yangu, nayo ni ahadi. Lakini nikisema kwamba wewe unawiwa, nani aliyekutwika deni hilo? Ni mimi ninayesema. Kwa hiyo "you shall" ni neno la mwenye nguvu kwa aliye chini yake, au la mwenye ahadi kwa aliyeahidiwa. Mzazi akimwambia mtoto, "You shall have a book", hatabiri. Amejitia deni la kitabu, na mtoto ana haki ya kumdai.

Waingereza walikuwa na kisa cha kuwacheka watu wa Scotland na Ireland, ambao hawakuifuata kanuni hiyo. Husema kwamba mmoja wao alianguka mtoni, akapiga kelele, "I will drown, nobody shall save me!" Alitaka kusema, "Nitazama, hakuna atakayeniokoa." Lakini kwa kanuni ya walimu maneno yake yalikuwa, "Nimekusudia kuzama, na mtu yeyote asithubutu kuniokoa!" Basi watu wa adabu wakasimama ukingoni wakamwacha azame. Kisa hiki ni cha mzaha tu, lakini chatufundisha jambo: mwenye akili angaliutazama mto kabla ya kuitazama sarufi.

Na kwa kweli watu wengi wenye Kiingereza kama lugha ya mama hawakuishika kanuni ile. Mwaka 1925 Mmarekani Charles Fries alichapisha uchunguzi wake juu ya "shall" na "will", akaonyesha kwamba matumizi ya watu hayakulingana na yale yaliyowekwa vitabuni. Tena ulipokuja wakati wa hatari, kanuni ilisahauliwa. Tarehe 4 Juni 1940, majeshi ya Uingereza yalipokwisha kuokolewa kutoka Dunkirk, Winston Churchill alihutubia Bunge lake, akarudia tena na tena maneno "we shall" alipokuwa akieleza jinsi watakavyopigana. Kwa kanuni ya Wallis huo ungalikuwa utabiri tu. Lakini hapana aliyemsikia akadhani kwamba anatabiri. Wote walisikia kiapo. Kadhalika Machi 1942 jemadari wa Kimarekani Douglas MacArthur, aliyekuwa ameondoka Ufilipino kwa amri, alisema huko Australia, "I shall return", yaani nitarudi. Watu wa Ufilipino waliyashika maneno hayo kama hati ya deni, naye alilipa alipotua katika kisiwa cha Leyte tarehe 20 Oktoba 1944. Deni la kale lilikuwa lingali limo ndani ya neno.

Sasa na tuyakusanye matumizi ya "shall" yaliyobaki, ili mwanafunzi aone jinsi ya kuyasema kwa Kiswahili chema.

Kwanza, kuna "shall" ya kutabiri, ifuatayo "I" na "we" tu: "We shall arrive at noon", yaani tutafika adhuhuri. Hapa -ta- inafaa kabisa. Matumizi haya yanapungua, hasa Marekani, na "will" imechukua mahali pake.

Pili, kuna "shall" ya kuuliza shauri: "Shall I open the door?" Mwanafunzi mvivu huandika, "Je, nitafungua mlango?" Hayo si Kiswahili cha maana hiyo, nani amjuaye mwenzake atafungua nini? Mswahili husema, "Nifungue mlango?" Na "Shall we go?" ni "Twende?" Anayeuliza hivyo ni kana kwamba asema, "Nitwike deni hili, au niondolee." Anangojea neno la mwenziwe.

Tatu, kuna "shall" ya ahadi na ya kitisho. Kiswahili chatumia -ta- pamoja na sauti, au huongeza neno kama "hakika" au "naapa".

Nne, yuko mtoto wa "shall", naye ni "should". Zamani lilikuwa ni umbo lake la wakati uliopita. Sasa lina maisha yake lenyewe, na kwa kawaida ni la kushauri: "You should boil the water", yaani inafaa uchemshe maji. Ni deni, lakini deni la adabu na akili. Usipolilipa hakuna askari atakayekuja mlangoni.

Tano, kuna "shall" ya sheria na mapatano. Hii ndiyo iliyoshika deni kwa nguvu zote. "The tenant shall pay the rent on the first day of the month" haisemi kwamba mpangaji atalipa. Yaonya kwamba sharti alipe, hana budi, na asipolipa amevunja mapatano. Katika nchi ya Tanzania iko sheria ya mwaka 1996 ya kutafsiri sheria nyingine, nayo katika kifungu cha 53 imeyatenga maneno mawili: palipo na "may", mwenye mamlaka aweza kuyatumia au kuyaacha kwa hiari yake; palipo na "shall", kazi aliyopewa sharti ifanywe. Herufi chache tu ndizo zinazotenga hiari na lazima.

Mtu angedhani kwamba sasa mambo yamekwisha. Walakini hayakwisha, na habari za Kenya zatuonyesha. Katiba ya Kenya, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, imesema katika kifungu cha 81 kwamba katika mabaraza ya watu wa kuchaguliwa, wasizidi theluthi mbili wajumbe wa jinsia moja. Na neno lililotumika hapo ni "shall". Lakini Katiba haikueleza jinsi viti vya Bunge la Taifa na Seneti vitakavyopatikana ikiwa wapiga kura watachagua wanaume wengi kupita kiasi hicho. Mwanasheria Mkuu akaiuliza Mahakama ya Juu: Je, sharti hili litimizwe katika uchaguzi ule uliokuwa ukikaribia?

Mahakama ilitoa shauri lake tarehe 11 Desemba 2012. Majaji wengi walisema kwamba "shall" huwa amri ya papo hapo pale ambapo jambo lenyewe liko tayari kutendwa kama lilivyo. Lakini jambo likihitaji kwanza kutungiwa sheria na kuandaliwa njia, deni lipo, ila hulipwa hatua kwa hatua. Wakaweka mwisho wa kutunga sheria hiyo kuwa tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Yeye aliona kwamba sharti lilipaswa kutimizwa katika uchaguzi huo huo wa Machi 2013. Sheria haikutungwa kwa wakati. Mwezi wa Septemba 2020 Jaji Mkuu aliyemfuata, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kuitunga, Bunge halikuvunjwa. Chaguzi za mwaka 2013, 2017 na 2022 zilipita, na sharti lile halikutimizwa katika Bunge la Taifa.

Twaona basi kwamba neno lililoanza kwa kumwuliza mdeni kiasi anachowiwa, limerudi kwenye swali lile lile. Wote walikubali kwamba deni lipo. Ugomvi ulikuwa, lilipwe lini? Na kila mkopeshaji wa kijijini anajua kwamba deni lisilo na siku ya kulipwa ni jirani wa sadaka.

Kwa sababu ya mashaka ya namna hii, wengine wameamua kuliacha neno hili. Katiba ya Afrika ya Kusini ya mwaka 1996 yatumia "must" mahali ambapo wazee wangeandika "shall". Marekani nayo, kanuni za mahakama zake kuu za shirikisho juu ya kesi za madai ziliandikwa upya mwaka 2007, na "shall" ikaondolewa. Kenya na nchi nyingine nyingi zimelishika.

Wala Kiswahili hakikusalimika. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili, na mahali ambapo Mwingereza angeandika "shall" mara nyingi pana -ta-, kama katika maneno "kutakuwa na". Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama za nchi hiyo. Kwa hiyo -ta- hiyo itasomwa na watu wengi zaidi. Sheria ikisema kwamba baraza "litakutana" mara nne kwa mwaka, haibashiri, inaamuru. Hivyo -ta- yetu, ambayo asili yake ni kutaka, imetwikwa katika sheria mzigo wa kuwiwa. Msomaji wa Kiswahili naye sharti ajifunze kutofautisha "mvua itanyesha" na "baraza litakutana".

Ndugu zetu, hatukuwaeleza haya ili mjaze vichwa kwa tarehe. Twawapa maswali matatu ya kwenda nayo. Mnapokutana na "shall" katika karatasi yoyote, au na -ta- katika sheria, ulizeni: Nani anawiwa? Anamwia nani? Na lini deni lilipwe? Mkipata jibu la swali la kwanza na la pili, lakini la tatu hamlioni, msitie sahihi bado. Mrudishieni mwenye karatasi aandike siku. Na kama maswali yote matatu hayana maana mahali hapo, basi neno lile latabiri tu, nanyi mwaweza kusoma kwa raha.

Ninyi walimu wenzetu, msimfundishe mtoto kwamba "shall" ni -ta-, mkaishia hapo. Mwambieni kwamba ahadi ni deni, kisha mpeni neno lenyewe. Kwaherini.